Karibu ya Tatu

Filadelfia Kusini
7 Septemba 1986

Mama Ardis,

Tumefika salama, gari halikutusumbua, mjukuu wako Marit ana mafua kidogo. Hizo ndizo salamu. Sasa nisikilize, maana nimeendesha gari kutoka Minesota nikiwa na hasira nzuri na sitaki ipoe bure.

Niliinuka kwenye kochi lako saa nane mchana ili tuage. Tulitoka uani kwako saa kumi kasoro. Tuliaga sebuleni. Tukaaga mlangoni, ukakumbuka habari ya ng'ombe wa jirani aliyezama kwenye tope mwaka juzi. Tukaaga kwenye ngazi, ukarudi ndani kufunga chapati za viazi kwenye karatasi. Tukaaga tena kwenye dirisha la gari, mkono wako uko juu ya kioo, unaniambia niangalie kulungu barabarani. Kwetu mtu akitaka kwenda anasema naenda, anabusiwa mashavuni, anatukanwa kidogo, anaenda. Mwanao Karsten alikuwa kama wewe. Miaka yote ya ndoa yetu nilimngoja kwenye milango ya watu nimevaa koti, natokwa jasho, yeye anasimulia mvua. Sikujua kwamba siku moja nitalililia jasho lile.

Halafu ile keki ya Jumapili. Kilibaki kipande kimoja kwenye sinia. Wewe ukakikata nusu. Earlene, mke wa mchungaji wenu, yule wa Teksas, akakata nusu ya nusu. Mchungaji akakwangua ukingo. Jumatatu asubuhi kilikuwa bado kipo, kimekuwa kama kidole, na watu wazima wanakipita wakijifanya hawakioni. Kwa taarifa yako nilikila mimi, nimesimama, kwa mkono.

Sasa jambo lenyewe. Mwaka na nusu umepita tangu tumzike Karsten. Wewe uko peke yako kwenye nyumba ya vyumba sita huko Nordby, ambako baridi inaua betri za magari. Mimi nina chumba cha nyuma kilichokuwa cha marehemu baba yangu, kina kitanda kizuri na kabati. Njoo ukae nasi. Sisemi kutembea, nasema kukaa. Ningekupigia simu, lakini simu kwako ni ya kutangazia vifo. Nikikupigia unanitajia hali ya hewa kwa sauti ya juu, unakata.

Nimesema. Jibu.

Rosalba


Nordby, Minesota
19 Septemba 1986

Mpendwa Rosalba,

Asante kwa barua yako. Ilikuwa ndefu.

Huku hali si mbaya. Mvua imenyesha kidogo. Chumba cha chini kimeingia maji, lakini si mengi ya kumzuia mtu kushuka akiwa na viatu vya mpira. Mahindi ya watu yamekaa vizuri, wanasema yangeweza kuwa mabaya zaidi. Nimefurahi kusikia kwamba keki ililiwa.

Kuhusu chumba: la, la, hapana. Siwezi kuwasumbua. Wewe una saluni yako na una mtoto, na mtu mzee ndani ya nyumba ni kazi. Mimi sina ninachokosa hapa. Lakini ni wema wako kunifikiria.

Marit ameniachia lile neno lake la mtaani kwenu, la kuita kila kitu "dude". Nipe dude lile, dude hili limeharibika, twende kwenye dude. Juzi nilimwomba Earlene anipe dude la kufungulia makopo, akanitazama sana.

Sijui kama uliona, lakini Marit aliposimama kuaga, alijipiga magoti kwa viganja vyote viwili akasema, "Haya basi." Marehemu mume wangu Harald alikuwa akifanya hivyo, na Karsten akafanya hivyo tangu akiwa mdogo kuliko Marit. Nilikwenda jikoni wakati ule kwa sababu nilikuwa na kitu kwenye oveni.

Wako,
Ardis Tollefsrud


Filadelfia Kusini
12 Oktoba 1986

Mama Ardis,

Hakukuwa na kitu kwenye oveni. Niliangalia.

Na kwa nini unasaini jina lako lote kama unaandikia benki? Mimi ndiye niliyeolewa na mwanao. Nina jina hilo hilo kwenye mlango wa nyumba yangu, na tarishi mpaka leo halitamki bila kupumzika katikati.

Unasema utatusumbua. NANI AMEKWAMBIA? Mama, mimi kazi yangu ni kukaa na vichwa vya watu mikononi kutwa nzima, wanapiga kelele, nami napiga kelele, redio inapiga kelele, na mlango wa pili muuza samaki anagombana na mkewe kwa upendo. Mtu mmoja mzee anayetembea kwa soksi na kusema "si mbaya" atamsumbua nani? Tutakutafuta tusikuone.

Nikwambie habari za Marit. Shuleni wamempa jina. Akiangusha kitu anasema "Uf da", kama baba yake, na hapa hakuna kiumbe mwingine anayesema hivyo, basi wanamwita Ufda. Wiki iliyopita alimpiga mtoto wa fundi viatu kwa begi. Nilipoitwa shuleni, mwalimu, ambaye si wa mtaa huu, alitaka kunieleza pia kwamba mtoto anatamka "maji" vibaya, kihuni, kama watu wa sokoni. Nikamwambia mimi ni mtu wa sokoni na hayo maji nimeyatamka hivyo tangu kubatizwa. Kwenu yule mhudumu wa mgahawa alimfanya alirudie neno hilo mpaka likamwisha ladha, kwa raha tu ya kumsikia. Sasa ona: huku anachekwa kwa maneno ya baba yake, huko anachekwa kwa maneno ya mama yake. Analala njaa ya watu wake mtoto huyu, Mama.

Tena tangu arudi kutoka kwako amekuwa hamalizi chakula kwenye sinia. Anakikata nusu. Mama yangu mdogo anadhani ni minyoo.

Nakuuliza tena, maana labda mara ya kwanza nilikuuliza nikiwa na hasira ya safari. Njoo ukae. Chumba nimekipaka rangi. Nimenunua blanketi ambalo halihitajiki katika jiji hili. Sema ndiyo, niache kuandika barua, mkono unauma.

Rosalba


Nordby, Minesota
9 Novemba 1986

Mpendwa Rosalba,

Samahani kwa mwandiko. Samahani pia kwa kuchelewa. Kulikuwa na shughuli kidogo.

Baridi imeingia. Mashine ya kupasha nyumba moto ilipumzika siku kadhaa, lakini kuna makoti. Ngazi za nyuma zina barafu kidogo na mtu anapaswa kuangalia anapokanyaga. Nilianguka kidogo. Si jambo.

Pole kwa habari za shule. Karsten naye alichekwa alipokuja kwenu, alinieleza. Alisema mlikuwa mnamwomba aseme "mashua" mezani, mnagonga meza kwa vicheko, na kwamba alikuwa akisema kwa kuvuta zaidi ya kawaida ili mcheke zaidi. Nilidhani wakati ule ni jambo la kusikitisha. Baadaye nikadhani labda si la kusikitisha.

Kuhusu chumba, ni wema mno, na rangi pia, hukupaswa kujisumbua. Lakini sidhani kama ni sawa. Mmezoea maisha yenu.

Nauliza tu, bila sababu: dirisha la chumba hicho linatazama upande gani? Wengine hupenda jua la asubuhi. Na je, kuna kanisa la Kilutheri mahali ambapo mtu anaweza kufika kwa miguu? Si kwamba ni muhimu. Blanketi linasikika ni zuri. Ni kitu ambacho mtu angeweza kukizoea.

Wako,
Ardis Tollefsrud


Filadelfia Kusini
1 Desemba 1986

Mama Ardis,

Nimeisoma barua yako mezani, nikamsomea na mama yangu mdogo, nikaisoma tena peke yangu. Mstari mmoja na nusu wa chumba, "sidhani kama ni sawa", kisha maswali ya dirisha, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hatanunua. Na mwandiko! Kama umeandika ukiwa umesimama kwenye basi. Kama hunipendi ungenipa angalau herufi zilizonyooka.

Nilikukaribisha mara mbili. Kwetu hata mara moja ni nyingi. Mtu akikwambia njoo, unakwenda. Akikwambia kula, unakula. Na usipotaka unasema sitaki, watu wanalia, wanasameheana, mambo yanaisha. Mimi sina elimu ya kumsoma mtu katikati ya maneno. Umesema la mara mbili. Nimesikia. Sitakubembeleza mpaka nionekane mwendawazimu.

Binamu yangu Fiore ameachwa na mkewe, na kusema kweli mkewe ana haki. Nimempa chumba. Amehamia jana na banjo yake na magunia ya manyoya, kwa sababu bendi yao inajiandaa kwa gwaride la Mwaka Mpya, na sasa nakuta manyoya ya kijani kwenye supu. Dirisha linatazama mashariki, kwa kuwa uliuliza. Jua linamwamsha Fiore na Fiore anaamsha banjo.

Marit nimemwambia bibi ana maisha yake huko na tutakwenda kiangazi. Alikwenda kukaa kwenye kile chumba mpaka Fiore akamwomba atoke.

Krismasi njema. Naiandika bila kinyongo, ingawa nimebonyeza kalamu mpaka karatasi imetoboka, kama unavyoona.

Rosalba


Nordby, Minesota
14 Desemba 1986

Mpendwa Rosalba,

Asante kwa barua. Ni vizuri kwamba chumba kimepata mtu. Familia ni familia. Banjo, hilo nalo ni jambo.

Nimetuma chapati za viazi. Zipakwe siagi na sukari. Msizitie nyama, Karsten alinieleza mnavyofanya. Za Marit ziko juu.

Mkiniandikia, tumieni anwani ya kanisa kwa sasa. Ya nyumbani inabadilika kidogo.

Krismasi njema kwenu nyote, na kwa binamu yako.

Ardis Tollefsrud


Nordby, Minesota
20 Januari 1987

Rosalba mpenzi wangu,

Mimi ni Earlene Lindqvist, mke wa mchungaji, yule uliyemwona akikata keki kwa aibu. Nakuandikia bila ruhusa ya mtu yeyote, na mume wangu akijua ataniombea.

Mwanangu, mama mkwe wako anaishi kwenye chumba changu cha cherehani. Ameuza nyumba. Ameiuzia wale vijana wa Haugdahl waliooana juzi, akaondoka kabla ya Krismasi na masanduku machache. Na mwandiko ule uliokuudhi, maana alinionyesha barua yako, ni wa mkono wa kushoto. Wa kulia ulivunjika mahali pawili kwenye zile ngazi za nyuma. Alilala kwenye barafu mpaka mtoto wa kugawa magazeti akapita, na unajua alimwambia nini? Alimwuliza kama ana haraka. Mungu aubariki moyo wake. Na wewe ni mtu wa mjini kwa hiyo nikufafanulie: kwetu Teksas tukisema hivyo tuna maana kwamba mtu ametuchosha mpaka mwisho.

Nilimwuliza, "Ardis, kwa nini uuze nyumba kabla hujawa na pa kwenda?" Akaniambia, "Rosalba bado hajauliza mara ya tatu."

Keti chini, mpenzi, nikueleze, kwa sababu mimi nililipia somo hili. Nilipoletwa hapa nikiwa bi harusi, akina mama wa kanisa waliniuliza kama nitakunywa kahawa. Nikasema ndiyo, asanteni. Chumba kizima kilinyamaza kana kwamba nimevua viatu juu ya meza. Huku ukikaribishwa mara ya kwanza, unakataa. Ukikaribishwa mara ya pili, unakataa huku unatazama pembeni. Ukikaribishwa mara ya tatu unasema, basi, kama si usumbufu. Anayekubali mara ya kwanza ana tamaa. Na anayekaribisha mara mbili akaacha, hakuwa na nia tangu mwanzo. Alikuwa anatimiza adabu tu. Wao hawafundishani hili, wanazaliwa nalo, na hawajui kwamba dunia nzima haifanyi hivyo.

Kwa hiyo wewe unadhani alikukatalia. Yeye anadhani wewe ulimpima kwa adabu, kisha ukafurahi kupata sababu ya kuacha. Alipokuuliza dirisha linatazama wapi, alikuwa amekwisha kukubali. Kwa watu wa Nordby lile swali ni sawa na kulia barabarani. Barua yako ya Desemba ilipofika, aliikunja, akasema, "Hilo nalo ni jambo," akaenda kuosha vyombo ambavyo nilikuwa nimekwisha kuviosha, kwa mkono mmoja.

Halafu anadhani umemkasirikia. Anazionyesha zile herufi zako kubwa kwa kidole. Nimemwambia watu wa pwani ya mashariki huandika hivyo hata wakiomba chumvi, haniamini.

Nimemkaripia pia, usidhani nimekuonea wewe tu. Nimemwambia, "Ardis, fungua mdomo wako useme." Akaniambia, "Sema nini?" Nilitoka nje nikapiga teke theluji.

Mwulize tena, mwanangu. Mara moja tu. Taratibu, kama wanavyofanya wao, usimtishe.

Akupendaye,
Earlene


Filadelfia Kusini
1 Februari 1987

Mama Ardis,

Hapa hali si mbaya. Theluji imeanguka kidogo. Watu wanasema ingeweza kuwa zaidi. Saluni inakwenda hivyo hivyo. Natumaini na huko hali si

Siwezi. Nimejaribu. Earlene ameniambia nikuandikie taratibu na nimechana karatasi nne, nimeuma kalamu, na mama yangu mdogo amepima kama nina homa.

UMEVUNJIKA MKONO PAWILI UKAANDIKA "SI JAMBO"! Uliuza nyumba! Nyumba alimozaliwa mume wangu, ukaiuza kwa kutegemea swali ambalo mimi sikujua kama natakiwa kuuliza! Watu gani ninyi? Kama ningekufa kati ya swali la pili na la tatu ungekaa kwenye cherehani za watu milele, ukisema baridi si mbaya? Na mimi huku nimekununia miezi miwili, nimemwambia mtoto bibi yake hamtaki. Sikutumia neno hilo. Lakini ndilo alilosikia.

Si kila herufi kubwa ni hasira. Hizo hapo juu ni hasira. Zile za Oktoba zilikuwa mapenzi. Mtu tusiyempenda kwetu hatumpigii kelele, tunamwita bwana na bibi na kumfungulia mlango.

Sasa nikwambie jambo ambalo sikulisema kwenye barua zile mbili, maana nilitaka kulia na sikutaka kulia kwenye karatasi. Karsten alikuwa akimsomea Marit kila usiku. Tangu afe namsomea mimi. Wiki kabla ya Krismasi aliniomba nimsomee kama baba. Nikajaribu. Nikavuta maneno pale alipokuwa akivuta, nikashusha sauti mwishoni mwa sentensi kama alivyokuwa akishusha, kama mtu anayeweka ndoo chini polepole. Nilidhani naiweza, Mama, niliishi nayo. Akaniziba mdomo kwa mkono wake akasema, "Si hivyo." Akalia. Kisha akasema hakumbuki tena ilikuwaje, anajua tu kwamba si hivyo.

Nami nimeanza kuisahau. Mtu huyu nilimcheka mezani, nikamwomba aseme "mashua" mbele ya wajomba zangu, na sasa ningetoa saluni yangu ili niisikie mashua moja kutoka jikoni. Hakuna anayesema hivyo katika mtaa huu wote. Nilipokukaribisha sikuwa nakuhurumia wewe na baridi yako. Nilikuwa najihurumia mimi. Nataka kuwe na mtu ndani ya nyumba yangu anayezungumza hivyo.

Fiore ameomba akae mpaka kiangazi. Gwaride lilikwenda vizuri, walishinda bendi fulani wanayoichukia, na sasa hanyamazi kabisa. Nimemwambia nitamjibu barua yako ikifika. Sikiliza basi. Mimi najua kuamini kitu kimoja tu, yale mtu aliyoandika. Ukiandika la, nitaamini la. Ukiandika kwamba hutaki kusumbua, Fiore anabaki, kwa sababu siwezi kumtoa mtu kitandani kwa ajili ya pengine na labda. Hakuna ya nne. Yenu inaishia ya tatu, na mimi ya tatu nimefika nimechoka hoi.

Mama, njoo ukae nasi.

Rosalba

Kanisa la Kilutheri lipo. Niliulizia tangu Novemba. Ni mwendo mfupi, na lina watu wachache wanaonong'ona. Utafurahi.


Nordby, Minesota
10 Februari 1987

Rosalba,

Ndiyo.

Nimeliandika kwanza, peke yake, kabla sijataja hali ya hewa, kwa sababu najijua. Earlene alitaka kusimama nyuma yangu ahakikishe. Nimemfungia nje ya chumba chake mwenyewe.

Plasta imetolewa mkononi na sasa nitaandika vizuri, usome vizuri.

Sikukataa kwa sababu sikutaka. Nilitaka tangu lile dirisha la gari, ndiyo maana sikutoa mkono kwenye kioo. Kwetu mtu anapotaka kitu sana, hapo ndipo anapojishika zaidi, asije akakichukua kinachomtosha mwingine. Nimeishi hivyo miaka sabini na moja na sikuwahi kuona kwamba kuna kosa, kwa sababu wote tulikuwa tukijishika pamoja na wote tulikuwa tukiulizana tena. Harald aliniuliza mara tatu kama nitaolewa naye. Mara ya pili niliangalia farasi. Yeye alijua. Sikufikiri kwamba kuna mtu angeweza kunipenda na asijue.

Umeniudhi pia, kwa kuwa tunasema ukweli. Ungeweza kuandika kwa herufi ndogo. Barua yako ya Oktoba niliiweka kwenye droo na kila nikifungua droo niliona kama kuna mtu ananifokea nikitafuta kijiko. Sasa nimeitoa nikaisoma tena nikijua kwamba ni mapenzi. Bado inafoka, lakini nimeisoma yote.

Nataka kuja. Nimesema. Nimeandika "nataka" na nyumba ya mchungaji haijaungua.

Usimsomee tena Marit kwa sauti ya Karsten, unaiharibu, na ataishia kukumbuka yako badala ya yake. Ningojeni. Mimi siiigizi. Yeye aliitoa kwangu, akiwa amekaa kwenye ngazi za nyuma ananisikiliza nikiita kuku. Nitakuwa nazungumza tu jikoni, na mtoto atasikia, na wewe utasikia. Na mkitaka kugonga meza nikisema mashua, semeni mapema, niivute.

Nitafika kwa treni Jumamosi ya kwanza ya Machi, saa za jioni. Usije stesheni na ukoo mzima. Najua utakuja nao.

Mwambie Fiore atoke.

Ardis